Vigae Havitoki Kiwanjani

Mwezi uliopita Minani alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti juu ya meza, nashona waya kwenye kitambaa. "Da Resti, mama anakuita. Anafunga kiwanja." Sikuhitaji kuuliza kiwanja kipi. Busunzu kuna viwanja vingi, cha mpira, cha shule, cha kuanikia muhogo, lakini kwangu kiwanja ni kimoja tu: ule ua wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba ya Mama Minani, mfinyanzi, ambako mwaka niliomaliza chuo niliharibu kazi ya mtu, nikavunja ya kwangu, na nikajua hatimaye mimi ni fundi wa nini. Nauandika mwaka ule sasa, kabla sijapanda gari kwenda kumwona, kwa sababu nikishafika atausimulia yeye, na yeye husimulia vizuri kuliko mimi. Toleo langu litakufa palepale.

Chumba changu wakati huo kilikuwa nyuma ya duka la Bi Mwajuma, Kasulu mjini, duka la vitenge, sabuni na misumari. Kabla yangu kilikuwa stoo, na ukuta wa upande wa kitanda ulinuka mawese kila jua lilipokuwa kali. Ndani nilikuwa na cherehani ya mkono, rangi, kinasa sauti kidogo nilichokinunua kwa mkono wa pili, na ndoo ya udongo ambayo nilikuwa nasahau kuifunika. Mwalimu wangu wa mwisho chuoni aliniambia nichague. "Unachora, unashona, unarekodi, unafinyanga. Chagua kimoja, Restituta, la sivyo utakuwa mgeni kila mahali." Nikamuuliza kwa nini. Akasema msanii lazima ajulikane kwa kitu. Nikamuuliza ajulikane na nani. Hapo akatazama saa. Niliondoka chuoni nimeshinda ubishi na sina jibu, na leo naona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu ya kawaida katika umri ule: kushinda ubishi na kukosa jibu.

Bi Mwajuma, aliyezaliwa Ujiji na mwenye ndugu mpaka Tanga, alikuwa akiniita asubuhi ninywe chai ya tangawizi kwenye benchi la dukani, na hapo ndipo mahojiano yalipofanyika. "Hebu nambie, mwanangu. Watu wakiniuliza mpangaji wako anafanya kazi gani, niwajibu nini?"

"Waambie msanii, Bi."

"Msanii wa kuimba?"

"Siimbi."

"Wa kuchora?"

"Nachora pia."

"Hiyo 'pia' yako ndiyo inanitia wasiwasi," akasema, akanisogezea chapati ya pili.

Mambo yalianza Makere, siku ya soko. Nilikwenda kutafuta mtu wa kutengeneza kinasa sauti changu, nikaelekezwa kwa Espoir, kijana wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekaa chini ya turubai na redio zilizofunguliwa matumbo. Akakipokea, akakiwasha, akacheka. "Hii haijaharibika, dada. Iko na vumbi tu. Patia miye dakika tano." Ili kukijaribu akakielekeza upande wa pili wa njia, ambako mama mmoja alikuwa amepanga vyungu juu ya majani makavu. Nikavaa visikilizio. Mnunuzi aliinama, akashika chungu kwa mdomo, akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, sikio lake limeegemea pale. Chungu kikalia, mlio mrefu, safi, kama kengele iliyofunikwa kwa blanketi. Akagonga kingine, kikalia. Cha tatu kikakohoa. Mnunuzi akakirudisha, na yule mama akakichukua, akakiweka nyuma yake, nje ya macho ya watu. Nilikuwa nimenunua vyungu mara nyingi, nimekula maharage yaliyopikwa ndani yake maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba vinauzwa kwa sikio. Nikavuka njia, visikilizio bado shingoni, nikamwambia yule mama nataka kile kilichokohoa.

"Hicho ni kibovu," akasema.

"Ndicho ninachokitaka."

Akanitazama kuanzia viatuni. "Yewe, umesoma wewe?"

"Chuo kikuu."

"Nilijua."

Hakuniuzia. Lakini wiki iliyofuata nilikuwa kiwanjani kwake Busunzu, na wiki iliyofuata hiyo pia, na mpaka mvua za kwanza nilikuwa nalala kwake siku tatu na Kasulu siku nne. Alinifundisha kufinyanga bila kuniambia chochote. Asubuhi salamu ya Kiha, "Mwakeye", kisha tonge la udongo mkononi mwangu, basi. Nilipokosea alikichukua chungu changu, akakikunja kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akanirudishia tonge. Minani, binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne na aliyeuchukia udongo kwa moyo wote, alikaa mlangoni akichambua isombe, majani ya muhogo, na kunihesabia: "Cha sita hicho, Da Resti. Leo umejitahidi." Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage na hiyo isombe, na nilisikiliza majirani wakija kuulizana habari kwa Kiha, wakibadili kwa Kiswahili pale tu walipotaka kunicheka mimi kwa uwazi.

Kila kitu nilikihoji. Kwa nini kamba ya kutia alama mdomoni lazima isokotwe upya kila msimu? Kwa nini usipige mluzi siku ya kuchoma? Kwa nini vyungu vilivyopasuka hupondwa kwenye kinu, vikachekechwa, na unga wake ukachanganywa na udongo mpya? Hilo la mwisho alilijibu: bila unga wa vigae, udongo unalewa, haushiki, unapasuka motoni. Na kwa nini vigae, na humo wanahesabu kila chungu kibovu, havitoki nje ya kiwanja, hata kimoja, hata jirani akiomba cha kuchukulia moto?

"Ndivyo tulivyokuta," akasema.

Niliandika kwenye daftari langu neno *mwiko* na kulipigia mstari. Ninalo daftari hilo hadi leo. Mstari wenyewe una kiburi. Umepigwa mara mbili.

Kwa maana wakati huo nilikuwa tayari na wazo, na wazo lilikuwa linaniwasha kama pilipili. Vyungu vizima vililia kwa majivuno, vyote karibu mlio mmoja. Vibovu vilikohoa, viliguna, vilipiga mluzi kupitia ufa, vilinung'unika. Nilitaka kuvitundika vyote kwa katani darini, nivichore kila kimoja ufa wake ukutani kwa mkaa, nivishonee vitambaa vya kuzuia au kuachia sauti, nivipige, nivirekodi, nivirudishie sauti yao wenyewe kupitia spika. Kuchora, kushona, kufinyanga, kurekodi: havikuwa tena vitu vinne. Nakumbuka nikitembea kutoka kiwanjani mpaka barabarani nikiongea peke yangu kwa sauti, na kundi la wanawake waliobeba kuni likinipisha njia kwa heshima wanayopewa wagonjwa.

Kilichobaki ni kumshawishi Mama Minani anipe vigae vyake, na hapo elimu yangu ikanisaidia kwa ubaya. Nilimweleza kwamba kinachofanya kazi kwenye vigae ni kuwa ni udongo uliokwisha kupita motoni, basi. Tofali la kuchoma nalo limepita motoni. Nikisaga matofali nikamletea unga, atakuwa na unga wake na mimi nitakuwa na vyungu vyangu. Alikaa akizungusha kigae kidoleni. "Hiyo umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Na kama si kweli?"

"Mama, udongo ni udongo."

Akakiweka kigae chini. Sasa nadhani hakuwa ameshawishika hata kidogo; nadhani alinipenda tu, na alitaka kuona. Akasema, "Chukua." Kesho yake nilikodi kirikuu nikabeba vyungu vibovu vya msimu mzima mpaka Kasulu, na kwenye nyumba iliyobomolewa karibu na stendi nikaokota matofali, nikalipa vijana wayasage, nikampelekea magunia mawili ya unga mwekundu mzuri, laini kuliko wake.

Mwezi uliofuata ulikuwa mwezi wa furaha kuliko yote niliyowahi kuishi, na siogopi kusema hivyo hata nikijua kilichokuwa kinaiva upande wa pili. Barua ilikuja kutoka kituo kimoja cha sanaa Dar: walikuwa wanatafuta msanii mmoja wa kanda yetu wa kumpa karakana na mwaka mzima wa kufanya kazi. Kazi ionyeshwe ukumbini Kasulu, ikae wiki mbili, wachaguzi watapita mmoja mmoja. Espoir aliomba kibali kambini akaja siku mbili mbili, akalala kwa binamu yake fundi cherehani, na mchana tulijifungia stoo ya pili ya Bi Mwajuma tukifunga spika za redio za zamani kwenye betri ya gari. Tulitengeneza nyundo za mpira wa baiskeli. Aligonga mtungi mmoja mkubwa, akainamisha kichwa. "Ule ni mzee iko na grippe, mafua. Umuweke karibu na mulango." Kingine akakiita Mama Mkwe. Bi Mwajuma alipita na sinia la maandazi, akasimama, akasikiliza vyungu kumi na sita vikikohoa kwa zamu, akasema, "Mimi nilidhani watu wanakwenda chuo wapone," kisha akavuta kiti, akakaa saa nzima.

Siku sita kabla ya maonyesho nilikwenda Busunzu kumwalika Mama Minani. Alikuwa ametoka kuchoma mitungi ya pombe ya ndizi aliyoagizwa na mzee mmoja wa Mabamba kwa harusi ya binti yake. Watu wa kule wanasema pombe ikikaa kwenye pipa la plastiki inakuwa na ladha ya plastiki, na mzee yule alikuwa amemwambia kila mtu kwamba mitungi inatoka kwa Mama Minani wa Busunzu. Ilikuwa imepangwa uani, wekundu na weusi ukichanganyika ubavuni, alama ya kamba mdomoni kama ushanga. Tuliigonga mmoja mmoja. Yote ililia. Niliona fahari ambayo sikustahili, nikasema, "Unaona? Udongo ni udongo."

Alfajiri nikasikia *tak*. Halafu kimya, halafu *tak* nyingine. Nilidhani ni mjusi darini. Nilipotoka, Mama Minani alikuwa amechuchumaa mbele ya mitungi, kanga imefungwa kifuani, mkono juu ya mdomo. Usiku kulikuwa na ukungu mzito. Ubavuni mwa kila mtungi vilikuwa vimeruka vipande vidogo vya ukubwa wa kucha, na katikati ya kila kidonda kulikuwa na nukta nyeupe. Mtungi mmoja ulikuwa umefunguka kutoka mdomo mpaka kitako. Nikang'oa nukta moja, nikaigusisha ulimini, ikaniunguza, na palepale somo zima la kemia ya kidato cha tatu likanirudia bila huruma.

"Chokaa," nikasema.

"Matofali uliyatoa wapi?"

"Nyumba iliyobomolewa. Kwenye stendi."

"Ilikuwa imepakwa?"

Ilikuwa imepakwa nyeupe, ndani na nje. Niliiona kwa macho yangu, na nilikuwa nimepiga picha ule weupe unavyobanduka kwa sababu ulikuwa mzuri. Chokaa iliyopita motoni hukaa inasubiri maji. Ukungu uliyaleta.

Mama Minani hakupiga kelele. Aligonga mtungi uliokuwa mbele yake, ukakohoa. Akagonga mwingine. "Hii nayo utaitaka?" akaniuliza, na ndio utani mkali kuliko wote niliowahi kutaniwa. Minani akatoka mlangoni, akatazama, kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuhesabu. Harusi ilikuwa wiki tatu mbele. Mitungi mipya ilihitaji siku za kufinyanga na zaidi ya siku kumi za kukauka kivulini, kwa hiyo udongo ulitakiwa uchanganywe ndani ya wiki ile. Udongo ulikuwepo. Kuni zilikuwepo. Unga wa vigae haukuwepo. Mitungi hii iliyoharibika ilikuwa na chokaa ndani, haifai hata kusagwa. Vigae safi vya msimu mzima vilikuwa vimetundikwa kwa katani stoo ya Bi Mwajuma, kila kimoja na jina.

Hakuniomba. Hilo ndilo nililolifikiria njia nzima kurudi Kasulu, vumbi likiingia dirishani: angeniomba ningekuwa na mtu wa kubishana naye. Nilimweleza Espoir na Bi Mwajuma palepale chini ya vyungu. Espoir akatupa nyundo yake ya mpira. "Non. Non, Resti. Mwezi muzima! Na ule mwaka wa Dar? Nunua vigae kwa mufinyanzi mwingine."

"Vigae havitoki kiwanjani. Hakuna atakayeniuzia."

"Sasa wewe ndiyo unaamini ile?"

Naam, nilikuwa naamini, lakini si kama mwiko. Nilikuwa nimeelewa kwa kuchelewa, kwa ulimi uliovimba. Kila chungu cha kiwanja kile kilikuwa na vumbi la kilichokitangulia, ambacho kilikuwa na vumbi la vyungu vya mama yake Mama Minani, na vya bibi yake. Unga ule ulikuwa umejaribiwa na moto mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka, na ndiyo maana walifupisha maelezo yote hayo wakasema: visitoke. Bi Mwajuma akafuta miwani. "Mwanangu, kitu cha watu ni cha watu hata ukikitundika juu," akasema, na akaenda kufungua duka.

Usiku ule sikulala kwa huzuni. Ukweli ni kwamba sikulala kwa msisimko. Kwa maana nilipojua kwamba nitavivunja, nikaanza kusikia namna. Kuvunja ni sauti. Kutwanga ni sauti, na wanawake wa Busunzu hutwanga watatu kwa kinu kimoja, mchi baada ya mchi. Kuchekecha ni sauti laini kuliko zote. Nilipata wazo langu la pili kwa kulipoteza la kwanza, na tangu hapo sijawahi kufanya kazi kwa namna nyingine. Asubuhi nilirudi Busunzu kumweleza Mama Minani, naye akakubali kuja na kinu, mradi unga urudi kiwanjani siku ileile.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa kuliko nilivyotegemea, wengi wakiwa wateja wa Bi Mwajuma waliotishiwa. Mgeni kutoka Dar alikaa mbele, kalamu mkononi. Vyungu vilikuwa juu, nyufa zake zimechorwa ukutani. Mimi na Espoir tukavipiga, robo saa, vyote, na watu walicheka Mzee alipokohoa, kisha wakaacha kucheka. Halafu nikapanda ngazi na kisu nikakata katani. Cha kwanza kilipoanguka kwenye turubai mtu alipiga yowe. Nikakata cha pili. Mama Minani na wenzake wawili wakaingia na kinu, wakafunga kanga vizuri, wakaanza kutwanga vile vipande kama watu waliokuja kazini, kwa sababu walikuwa wamekuja kazini. Espoir alikuwa ameficha kipaza sauti chini ya kinu, na sakafu nzima ikaanza kudunda. Mama mmoja wa kwenye benchi la nyuma akavua viatu, akaja kupokea mchi. Kisha mwingine. Vumbi jekundu lilipanda, likakaa juu ya michoro yangu ya mkaa na juu ya shati la mgeni, na mimi nilisimama juu ya ngazi nikilia na kucheka, nikifikiri: hiki, hiki, hiki.

Mgeni alisubiri mpaka mwisho, akajipangusa, akaniuliza kwa upole, "Sasa wachaguzi wenzangu wakija wiki ijayo, kazi yenyewe itakuwa wapi?"

Mama Minani, aliyekuwa anachekecha, alinijibia bila kuinua kichwa. "Iko kwenye gunia, bwana. Na gunia linaondoka saa kumi."

Nafasi ile alipewa mchongaji wa Kigoma mjini, mtu wa kitu kimoja, hodari. Iliniuma miezi kadhaa. Mitungi ilifika Mabamba siku mbili kabla ya harusi, nami nilikuwa kwenye lori, nikiishikilia isigongane.

Basi hapo niliacha kuandika, nikaenda Busunzu. Barabara sasa ni lami. Mama Minani vidole vimekakamaa, hafungi ngumi. Aliisimulia hadithi yote mbele ya majirani, na kwake mimi nilianguka kutoka kwenye ngazi. Sikubisha. Kisha Minani, ambaye ana duka la simu Kibondo, akaleta kutoka ndani gunia moja la unga wa vigae, la mwisho, lililofungwa kwa kamba ileile ya alama.

"Unafanyia kazi wapi siku hizi?" mama yake akaniuliza.

"Kasulu. Nina chumba na bomba."

"Basi hili liende huko."

"Mama, vigae havitoki kiwanjani."

"Havitoki. Ndiyo maana nakuuliza unafanyia wapi."

Nikataka kumuuliza kwa nini mimi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Minani akasema, "Muulize tu, Da Resti, utapasuka," na wote wakacheka.

Jana nimechoma chungu cha kwanza chenye unga ule. Ndani yake kuna Mzee mwenye grippe, na Mama Mkwe, na bibi zake Minani ambao siwajui majina. Kilipopoa nilikiinamia, nikakigonga, nikasikiliza. Nikachukua simu.

"Mama, kimekohoa."

Kicheko chake kikaja, kirefu.

"Vizuri," akasema. "Kisage."